Sumaku Mguuni, Mama Mkwe Mlangoni

3 Machi

Nimerudi kutoka hospitali na mguu uleule mbovu na mashine mpya. Nimeamua kuandika kwa sababu mikono yangu ni mizima, na mdomo umepigwa marufuku. Mume wangu amesema nikimsimulia tena habari za daktari atahamia kwenye stoo ya mbolea anakofanya kazi. Basi atayasoma kwenye karatasi.

Ilianza kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa natoa sanamu la nguo nje, kwenye baraza la duka langu la ushonaji, lile lisilo na kichwa, nilivalishe gauni la kuvutia wateja. Likaniegemea. Tukashuka ngazi pamoja, lenyewe juu, mimi chini. Lilichubuka rangi kidogo begani. Mimi nilivunjika muundi. Nikafungwa plasta, ikafunguliwa, na mfupa haujaunga. Leo daktari wa mifupa ameweka picha kwenye taa na kunionyesha ufa umekaa palepale, haujasogea hata kwa aibu.

"Mfupa wako umelala," akasema.

Nikamwambia kwetu hakuna wavivu. Hakucheka. Nadhani walimfundisha kutocheka.

Amenipa mashine ya sumaku ya kuazima. Ni pete pana ya plastiki, inavishwa mguuni juu ya ufa na kubanwa kwa mkanda wenye matundu, kama mkanda wa suruali. Waya unatoka kwenye pete kwenda kwenye kiboksi chenye taa ya kijani, na kiboksi kinachomekwa ukutani. Ndani ya pete mmezungushwa nyaya. Umeme ukipita humo kwa mapigo, sumaku inazaliwa na kufa, inazaliwa na kufa, na kwa baadhi ya watu mfupa unashtuka na kuanza kujijenga.

"Baadhi?" nikauliza.

"Baadhi," akajibu.

Niivae kila siku mchana, nikiwa nimelala, mguu juu ya mto, na nisiukanyagie kabisa. Pete ikae penye ufa hasa, si juu yake wala chini yake. Nirudi baada ya wiki tatu kwa picha, na tena masika yakiisha. Kama mfupa bado umelala, watanipasua, waweke bamba la chuma na misumari, na cherehani ya kukanyaga nisiiguse mwaka mzima.

Mwaka mzima! Mikono inaongoza kitambaa tu, anayeshona ni mguu. Fundi akikaa mwaka bila kukanyaga, wateja wanajifunza njia ya kwenda kwa fundi mwingine, na njia hiyo wakishaijua hawaisahau. Halafu kisu nakiogopa, acha niseme ukweli. Mimi ninayekata vitambaa vya watu bila kupepesa macho, nikiwaza mtu ananikata mimi, jasho linanitoka hadi kwenye visigino.

Mguu umevimba kwa safari. Nalala.

4 Machi

Mama mkwe amefika kunitunza. Hakuna aliyemwita.

"Nilimtajia tu kwamba mfupa haujaunga," mume wangu akasema.

"Ulimtajia mara ngapi?"

"Kila alipopiga simu."

Mume wangu ana tabia ya kukubaliana na kila mtu. Mama yake akisema chumba kina baridi, anafunga dirisha. Mimi nikisema kuna joto, analifungua. Mchana kutwa leo dirisha lile limepata mazoezi kuliko mguu wangu.

Jambo moja linanisumbua. Kila mgeni anayeingia anautazama mguu, midomo inafunguka, na methali inaanza kutoka: "Asiyesikia la mkuu..." Halafu anakumbuka adabu, anaimeza. Kinyozi wa jirani, tunayemwita Wembe, hakuimeza. Aliisema yote hadi guu likavunjika, akacheka peke yake. Lakini mama mkwe ndiye mwenye haki nayo hasa. Mwaka jana alinikataza mbele ya watu kubeba sanamu lile peke yangu. Namsubiri aiseme. Hajaisema. Anaiweka akiba, ninamjua.

5 Machi

Siku ya kwanza ya sumaku. Kabla ya kufunga mkanda nilichukua futi yangu nikajipima shavu la mguu: inchi kumi na nne kamili. Tundu la tatu. Nikaliwekea alama kwa chaki ya fundi, kazi imekwisha.

Mama mkwe akainama, akapenyeza kidole kati ya mkanda na ngozi.

"Mwanangu, mguu umevimba huu. Ukinywea, mkanda utalegea."

"Mama, katika nyumba hii mwenye futi ni mimi."

"Haya," akasema. Akaenda dukani kupokea wateja, maana duka liko mbele na chumba changu kiko nyuma yake, pazia tu katikati.

Pete haiumi wala haipashi joto. Inavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mimi sijawahi kulala mchana tangu nipate akili, lakini nilisinzia kabla sijamaliza kuilalamikia.

8 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Mfupa umelala bila kusumbuliwa.

9 Machi

Mvua. Umeme ulirudi wakati wa chakula, ukakaa nasi kidogo kama mgeni mwenye haraka, ukaondoka.

11 Machi

Wembe amekuja na bega lake.

"Shemeji, hiyo pete haiwezi kuniingia hapa dakika chache tu? Huu mkono wa kunyolea unaniua."

"Wembe, hii ni dawa ya mfupa, na mfupa ni wangu."

"Sumaku haipungui kwa kutumiwa."

"Hata mkasi wangu haupungui. Umewahi kuniona nakata nao mabati?"

Aliondoka akigeuka nyuma kuitazama pete, kama paka anavyotazama samaki wa jirani. Na si yeye peke yake. Habari zimeenea mtaa mzima. Mzee mmoja alikuja na suruali ya kupunguza kiuno, akasimama sana, mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama sumaku inarudisha nguvu. Sikumuuliza nguvu zipi. Mama mkwe alimwambia nguvu zinarudishwa na kwenda nyumbani mapema.

Nilicheka nyuma ya pazia. Kisha nikakumbuka kwamba sitaki kucheka vichekesho vyake.

15 Machi

Kuna jambo.

Nililala mkanda ukiwa kwenye tundu la tatu, kwenye chaki yangu. Nimeamka, uko kwenye la nne.

17 Machi

La nne tena.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama ninavyofikiria kitambaa cha bei kabla ya kuweka mkasi. Mkanda haujifungi wenyewe. Mtu ameuvua mguuni kwangu nikiwa usingizini, amejifunga yeye mahali fulani pembamba kuliko mguu wangu, amekaa nao, halafu amenirudishia na kusahau tundu. Mwizi wa kawaida angebahatika. Huyu ameibia fundi wa vipimo.

Mume wangu anasema labda mkanda umechoka.

"Mkanda uliochoka unalegea," nikamwambia. "Umeona wapi uliochoka ukajibana?"

"Kweli," akasema.

Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia mama yake kwamba dawa zinanichanganya kidogo. "Kweli," mama yake akasema. Sasa wamekuwa wawili.

20 Machi

Nimeweka mtego. Nilizungushia uzi mweusi kwenye kishikizo cha mkanda nikaufunga kwa fundo langu la vifungo vya makoti. Fundo hilo nalijua mimi na marehemu aliyenifundisha kazi.

Nilipoamka uzi upo. Lakini umefungwa upya, kwa fundo la kipepeo, masikio mawili yamekaa sawasawa, kama zawadi. Mkanda uko tundu la nne.

Huyu mwizi ana dharau.

24 Machi

Hospitali. Barabara imejaa mashimo yenye maji, dereva aliyatafuta moja moja.

Daktari amepiga picha nyingine. Pembeni mwa ufa kuna kivuli chepesi, kama ukungu. Anasema huo ndio mfupa mchanga unaoanza.

"Ni kidogo," akasema. "Ningependa uwe zaidi ya huu. Unavaa kila siku?"

"Kila siku penye umeme."

"Muda wote nilioandika?"

Hapo nikaanza kuwaza. Mimi navaa muda wote. Lakini je, mguu wangu unavaa muda wote? Kuna mtu anakaa na pete yangu huku mimi nikikoroma nikidhani natibiwa. Kila dakika anayoiba ni unga wa mfupa wangu. Daktari amerudia habari ya bamba na misumari, akanionyesha na mfano wake kwenye droo. Bamba lina matundu sita. Nimeliota njia nzima ya kurudi nikiwa macho.

27 Machi

Upelelezi umeanza. Mkanda wa leo: tundu la tano! Nimepima pete ikiwa imefungwa hapo, ni inchi kumi na mbili na nusu. Kilichobaki ni kumtafuta mwenye kiungo cha inchi kumi na mbili na nusu.

Mume wangu nimempima asubuhi alipokuwa anavaa soksi. Shavu la mguu inchi kumi na tano, goti kumi na sita. Hana hatia. Aliniuliza nafanya nini, nikasema nakukumbuka. Alifurahi siku nzima, maskini.

28 Machi

Nimemwita Wembe nikamwambia namshonea shati. Nilimpima mkono juu, chini, na kiwiko. Inchi kumi na moja juu, tisa na nusu chini. Kumbe bega hilo analolilalamikia linabeba kijiti. Hana hatia, na sasa nina deni la shati.

29 Machi

Mvua. Umeme. Tundu la tano.

30 Machi

Mvua. Hakuna umeme. Sikuvaa, hivyo hakuna aliyeiba. Siku ya amani.

2 Aprili

Nimemwambia mama mkwe nataka kumshonea gauni. Alishangaa, maana katika miaka yote ya ndoa nimemshonea gauni moja, nalo lilimbana kwapani.

Nilimpima mabega, kifua, kiuno, urefu. Kisha nikapeleka futi gotini.

"Gauni gani hili linapimwa goti?"

"Mtindo mpya, Mama."

"Na wazee nao wanauvaa?"

"Hasa wazee."

Akasimama akitazama dari. Goti la kulia, lile analolipakaa dawa ya kuchua kila jioni: inchi kumi na mbili na nusu.

Niliangusha chaki. Ushahidi ulikuwa umesimama mbele yangu umevaa kandambili.

5 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa, ingawa nimechoka.

Leo sikulala. Nilifumba macho nikajifanya nakoroma. Mvua ilikuwa inapiga bati. Pazia likafunguka, mama mkwe akaingia kwa ncha za vidole. Akainama mguuni kwangu. Nikasikia kishikizo kikifunguliwa, klik.

Nikaketi wima. "Nimekukamata, Mama!"

Aliruka hadi kandambili moja ikabaki hewani. Dukani alikuwepo Wembe, aliyekuja kuulizia shati lake, na mama mmoja mwenye kitambaa cha mapazia. Wote wawili walichungulia pembeni mwa pazia, na sikuwafukuza. Nilitaka mashahidi.

"Umeushika mkanda wangu au hukuushika?"

"Nimeushika, mwanangu, lakini..."

"Na jana?"

"Na jana nimeushika. Nilikuwa..."

"Umesikia, Wembe? Amekiri!"

Hapo mdomo wangu ukaachiwa breki. Nilisema kwamba mimi nitapasuliwa kama kuku kwa ajili ya goti la mtu. Nilisema mtu mwenye maumivu angeomba, asingeiba kwa mgonjwa aliyelala. Nilisema nilijua tangu siku alipoingia na begi lake kwamba hakuja kunitunza, alikuja kujitunza. Nilitaja hata chumvi anayoipunguza kwenye chakula, ambayo haihusiani na mfupa kwa namna yoyote. Yule mama wa mapazia alikumbatia kitambaa chake kama mtu aliyekuta ajali njiani.

Mama mkwe alivaa kandambili iliyoruka. Akasema, "Mtu akishahukumiwa, kujieleza ni kuongeza kelele." Akafunga mkanda mguuni kwangu, akaenda kufunga begi. Mume wangu aliporudi alikuta mama yake amesimama mlangoni na mwavuli. Alikubaliana naye kwamba aondoke, akakubaliana nami kwamba amekosea, kisha akakaa kitandani akajishika kichwa.

Amekwenda kwa wifi yangu, mtaa wa pili. Nimeshinda. Chakula cha jioni nimekitia chumvi mwenyewe, kikawa hakiliki.

6 Aprili

Kimya. Hakuna wa kupokea wateja.

8 Aprili

Jambo la ajabu. Nimeamka pete haipo kwenye ufa. Imeshuka hadi kwenye kifundo cha mguu, inakitibu ugonjwa ambao hakina.

9 Aprili

Kifundo tena. Nilimuuliza mume wangu kama ameigusa. Alisema yeye alikuwa kazini. Nikasema kweli. Ni mara ya kwanza mimi kumjibu hivyo, tukatazamana.

10 Aprili

Leo pete nimeikuta kwenye vidole, na taa ya kijani inawaka kwa bidii zote. Hakuna mtu ndani ya nyumba. Mkanda uko kwenye tundu la tatu, juu ya chaki, kama nilivyoufunga mwenyewe.

Nikachukua futi. Sijui kwa nini mkono ulikuwa mzito. Fundi akishampima mtu na kumwandika, hampimi tena. Mteja wangu wa miaka kumi namkatia suruali kwa vipimo vya siku ya kwanza, na akisema inambana namwambia apunguze kula. Ndivyo nilivyoufanyia mguu wangu. Niliupima siku ulipovimba nikauandika.

Shavu la mguu: inchi kumi na mbili na nusu.

Nilipima tena nikitumai nimekosea. Sikukosea. Uvimbe ulikwisha, nyama ikanywea kwa kutokanyaga, na mkanda ukalegea kama nilivyoambiwa. Tundu la tano ni la kwangu. Mwizi niliyemtafuta mtaa mzima, nikampima hadi kinyozi, nilikuwa nimemlaza juu ya mto.

Sasa naelewa. Kila siku, nikishasinzia, pete ilikuwa inateleza, na mama mkwe alikuwa anaingia kwa ncha za vidole, anairudisha juu ya ufa, anaibana kwa tundu linalofaa, anatoka. Hakuniambia, kwa sababu aliwahi kuniambia nikamjibu kwamba mwenye futi ni mimi. Naye nimemwita mwizi mbele ya Wembe! Kumwambia Wembe jambo ni kuwaambia vichwa vyote vya mtaa, kimoja kimoja, vikiwa vimetulia kwenye kiti.

Nimeona aibu hadi masikio yanawaka. Na siku tano zote hizi mfupa umekosa sumaku. Nimelia kidogo, nusu kwa ajili ya mama mkwe na nusu kwa ajili ya bamba la matundu sita.

11 Aprili

Nimekwenda.

Mume wangu alisema tumpigie simu. Nikamwambia tusi nilimtukana ana kwa ana, na msamaha aupate hivyohivyo. Tatizo ni kwamba siruhusiwi kukanyaga, na barabara ni tope tupu. Wembe akaleta mkokoteni wa kubebea madumu ya maji. Nikawekwa juu ya gunia, mguu kwenye mto, mwavuli mkononi. Wembe alisukuma huku akilalamikia bega, mume wangu alisukuma huku akikubaliana naye. Watu walitoka milangoni kutazama. Mmoja akauliza maiti ni ya nani. Nikamwamkia.

Wifi alifungua mlango, akaniona, akaufungua zaidi ili mkokoteni upite. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage sebuleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekuruhusu kutoka na mguu huo?"

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Yote ilipotea. Nikasema, "Mama, asiyesikia la mkuu..."

"Guu limeshavunjika," akanikata. "Ya nini kulivunja tena kwa methali? Kaa vizuri, mto unateleza."

Akainuka, akanirekebishia mto. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa, nikalia mbele ya wifi, mume na kinyozi. Nikamwambia yote: futi, tundu la tano, goti lake, mtindo mpya. Aliposikia habari ya goti alicheka hadi maharage yakamwagika.

"Nami nikasema mkwe wangu amenipenda ghafla!"

"Na ule uzi, Mama? Uzi mweusi?"

"Nilidhani umefunga kwa sababu na wewe umeona mkanda unalegea. Nikafurahi. Nikasema sasa tunasaidiana bila kusemeshana. Nikakufungia fundo zuri."

Wembe akakohoa kwenye kona. "Kwa hiyo amekutwa hana hatia," akasema, "na shati langu je?"

"Nitarudi," mama mkwe akaniambia, bila kumjali. "Lakini nina sharti. Kuanzia leo futi nashika mimi."

Nimempa futi. Ameivaa shingoni palepale. Haijawahi kuvaliwa na shingo nyingine tangu niinunue, na niseme kweli, iliniuma.

12 Aprili

Mvua. Umeme upo. Amenipima kabla ya kulala na baada ya kuamka. Inchi kumi na mbili na nusu zote mbili. Pete haikusogea.

19 Aprili

Anapima kila kitu. Amepima mkate, amempima mume wangu, amepima dirisha akagundua pazia nililoshona mwenyewe ni fupi upande mmoja. Nimenyamaza. Nimekomaa.

25 Aprili

Umeme umekatika siku nne mfululizo. Mama mkwe amegundua kwamba hospitali ndogo iliyo kwenye njia panda ina jenereta. Amekwenda kuongea nao. Sijui aliwaambia nini. Kila siku baada ya chakula napelekwa na mkokoteni, nalazwa kwenye benchi la wagonjwa, pete inachomekwa, na yeye anakaa kichwani kwangu akisinzia bila kufumba jicho. Leo mgonjwa mmoja alimuuliza kama anauza sumaku hizo. Akajibu, "Huyu ni mkwe wangu, siyo duka."

Nimekuwa nikimtazama anapokaa hivyo. Goti lake linamuuma kwelikweli. Akiinuka anashika ukuta kwanza. Nilimwambia, "Mama, weka nawe pete kidogo." Alikataa. Akasema goti lake ni la uzee, halijavunjika, na pete ina kazi moja. Nikasisitiza. Akasema, "Nikiivaa, utaniambia nini siku nyingine ukikasirika?"

Alikuwa anatania. Hata hivyo sikulala siku ile.

3 Mei

Gauni lake limekwisha. Nimelishona kwa mkono, sindano na uzi, nikiwa kitandani. Amelivaa, halimbani popote. Amesema magotini lina nafasi nzuri.

4 Mei

Shati la Wembe pia. Amelivaa akasema mikono ni mipana. Nikamwambia mikono yake ni myembamba, ushahidi ninao.

16 Mei

Mvua inapungua. Zamani nilikuwa naiombea iishe. Sasa kila siku ya jua inanikumbusha kwamba masika yanaisha na daktari ananisubiri na droo yake.

22 Mei

Sina hamu ya kula. Mama mkwe ameongeza chumvi bila kuambiwa.

29 Mei

Leo.

Tulikwenda wote watatu. Waliniita peke yangu kwenye picha, na mama mkwe akaingia. Nesi akasema ndugu wasubiri nje. Mama mkwe akasema yeye si ndugu, ni mama mkwe, na nesi hakuwa na sheria inayohusu hilo.

Daktari aliweka picha ya Machi upande mmoja na ya leo upande wa pili. Alizitazama muda mrefu hivi kwamba nilianza kusali. Mama mkwe alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho kuliko changu.

"Umeunga," daktari akasema.

Palipokuwa na ufa pana uvimbe mweupe, kama fundo la kamba. Amesema hakuna kisu. Nianze kukanyaga kidogokidogo na magongo, na mwezi ujao nijaribu cherehani.

Nilimuuliza kama ni sumaku iliyofanya kazi. Akakuna kidevu. "Inawezekana. Au ni kupumzika. Wewe ni mtu wa kupumzika?"

"Hapana," tukajibu mimi na mama mkwe kwa pamoja.

"Basi huenda ni vyote viwili. Wengine nawapa mashine hii na haifanyi lolote. Siwezi kukuapia." Akacheka! Kumbe anajua.

Tukarudisha mashine. Mlangoni alikuwa ameketi mwanamke wa rika langu, mkono umefungwa, uso umemshuka, na nesi akampa yeye pete ileile. Aliigeuza huku na huku kama mtu aliyepewa samaki hai. Mimi nilitaka tupite. Mama mkwe akasimama mbele yake.

"Binti yangu, hii mashine ni nzuri, lakini ukisinzia inateleza. Lazima awepo mtu wa kuishika. Una mama mkwe?"

"Ninaye," yule mwanamke akasema, akitazama sakafu. "Lakini mwaka wa pili huu hatusemezani."

"Mpigie simu," mama mkwe akamwambia. "Si lazima msemezane. Mwambie aje tu akae."

Yule mwanamke alinitazama mimi, kama anayeuliza kama mzee huyu ana akili timamu. Nikatoa simu yangu nikampa, maana mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa na wa pili umeshika pete. Nikamshikia pete, naye akaanza kubonyeza namba.